Gata Ikiziba, Nani Atapanda?

Upepo wa Same hauheshimu karatasi. Tandaza ramani ya A1 juu ya boneti ya gari, bana pembe moja kwa jiwe na nyingine kwa timazi ya fundi, bado utakimbizana nayo kwenye vichaka vya kuelekea Mkomazi. Yule mama aliyenifundisha kazi alikuwa ameshakimbizana nazo za kutosha, akaacha kabisa kupeleka karatasi kubwa saiti. Michoro yake aliichapa kwenye A4, kila karatasi jambo moja: msingi peke yake, dirisha peke yake, kenchi peke yake. Kila moja aliivisha nailoni, kisha akamkabidhi fundi mkuu zote. “A4 inaingia mfuko wa shati,” alisema. “A1 huishia kuwa mkeka wa kulia makande.”

Chuoni, Dar es Salaam, tulipata alama kwa jinsi karatasi kubwa ilivyopangwa: kivuli cha mti hapa, mtu asiye na sura anatembea pale, mshale wa kaskazini uliorembwa pembeni. Mchoro ulikuwa wa kutundikwa ukutani na kutazamwa na walimu. Msomaji mwingine hatukumfikiria: mwenye saruji vidoleni, ambaye milimita anazisoma kwa shida lakini futi na inchi anazikadiria kwa jicho tu, na hakosei sana. Michoro ya mama ilikuwa na vipimo vyote viwili. Urefu wa kuta zake uligawanyika kwa tofali nzima nzima, ili fundi asikate tofali pasipo lazima. Mbao alizitaja kwa majina ya dukani, mbili kwa nne, mbili kwa sita, na kabla ya kuchora paa alikwenda hadwea pale mjini kuuliza bati walizonazo ni za urefu gani.

Nilizoea kuona wazo likitangulia na vifaa vikitafutwa baadaye. Yeye alianzia kwenye rafu za duka, akarudi nyuma hadi kwenye wazo.

Ulikuwa mwaka 2018, nami nilikuwa mwaka wa tatu wa ubunifu majengo. Wenzangu waligombania ofisi za Dar es Salaam zenye viyoyozi ili wafanyie huko mafunzo kwa vitendo. Mimi nilirudi Same, na sababu haikuwa ya kishujaa: nyumbani chakula ni cha bure. Watani wetu wanaosema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku wanatujua vizuri kuliko tunavyopenda kukiri. Mama huyo alikuwa jirani wa shangazi yangu. Alistaafu baada ya miaka mingi Dar es Salaam, alikoanza kwa kunakili ramani za wengine kwa kalamu ya wino, kabla hajasoma na kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Muhuri wake ulikuwa bado hai, na chuo kikanikubalia nikae chini yake.

Saiti nzima ilimwita Mama Injinia. Siku za mwanzo nilijaribu kuwasahihisha mafundi, nikiwaeleza tofauti ya mhandisi na mbunifu majengo kwa bidii ya mtu aliyetoka kufanya mtihani juu ya tofauti hiyo. Akanivuta pembeni. “Waache, mwanangu. Wakiona ufa hawamtafuti mbunifu, wanamtafuta injinia. Na mimi nataka wanitafute.”

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: nyumba ya wajawazito kusubiria siku za kujifungua, kwenye kituo cha afya kimoja cha milimani, tarafa ya Mwembe-Mbaga. Anayeishi tambarare huenda asione haraka umuhimu wa nyumba ya namna hiyo. Upare wa Kusini unapanda kutoka takriban mita 900 pale Same mjini hadi mita 2,463 kwenye kilele cha Shengena, na vijiji vimejibana katika mikunjo ya katikati. Masika yakikolea, njia za udongo huteleza hata pikipiki hazipandi. Mama ambaye siku zake zimekaribia ni heri awe ameshafika jirani na mkunga kuliko abebwe usiku kwenye machela, mvua ikimnyeshea yeye na wabebaji wake. Kwa hiyo: vyumba viwili vya vitanda, jiko, choo, na baraza la kuotea jua, kwa sababu Julai ya Mbaga si Julai ya Same. Kule juu ni ukungu na sweta.

Miaka hiyo utaratibu wa force akaunti ulikuwa umeshika kasi. Halmashauri inanunua vifaa, kamati za wananchi zinasimamia, mafundi wanatafutwa hapo hapo, na ramani inatoka ngazi ya taifa, moja kwa nchi nzima. Sina ugomvi na ramani za namna hiyo. Zimeokoa fedha, na zimezuia mtu mmoja kujenga wodi kwa ndoto zake. Ila zimechorwa kwenye karatasi, na karatasi ni tambarare. Ukiichukua ramani ya uwanja wa mpira ukaipeleka mlimani, una njia mbili: uukate mlima hadi ulale, au uinue mbele ya jengo kwa mawe hadi ilingane na nyuma. Zote mbili zinakula fedha chini ya ardhi, mahali ambapo mgeni rasmi hatazami. Ukipita vijiji vya milimani utayakuta maboma yaliyokwama kwenye lenta, msingi mrefu kuliko kuta, yakingoja kupauliwa.

Na katika milima hii kuukata mlima hakuishii kwenye gharama. Novemba 2009, mvua kubwa iliumegua mlima huko Goha, Mamba Myamba, udongo ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 20. Mama hakuwahi kuzungumzia mteremko bila kuitaja Goha. Hakuitaja kwa kutisha. Aliitaja kama mwanasheria anavyotaja kifungu: hapa unaruhusiwa kukata kiasi hiki, hapa huruhusiwi, angalia Goha.

Kupima tulitumia mpira wa maji, kama mafundi wote: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji, ncha moja kwa mtu wa juu, nyingine kwa mtu wa chini. Maji yakitulia, usawa umepatikana. Kutoka mbele ya jengo hadi nyuma, ardhi ilipanda futi kadhaa. Nikaziandika, nikafurahi. Akaniuliza, “Maji ya mvua yanapita wapi?”

Nikamwonyesha mtaro uliokuwapo.

“Huo ni mtaro wa watu. Mimi nauliza njia ya maji.”

Mvua haikuwapo ya kutuonyesha. Akanionyesha alama zake: majani yaliyolala upande mmoja, mizizi iliyovuliwa udongo, kokoto ndogo zilizokusanyika mahali ambapo hakuna aliyezileta. Halafu akapanda hadi kwa bibi mwenye shamba la juu, akamwamkia, akakaa, wakazungumza habari za wajukuu kwa muda uliotosha kunikatisha tamaa, ndipo akauliza. Bibi hakusita. Maji ya masika, alisema, hushukia pale penye mgomba ule, hukata kona ya uwanja, huenda korongoni. Kona hiyo ndipo ramani ya taifa ilipokuwa imeweka jiko. Tukalisogeza jengo hatua kadhaa na kuligeuza lilale sambamba na mlima badala ya kuupanda. Mhandisi wa halmashauri alipoona jinsi makadirio ya msingi yalivyopungua, hakuhitaji kushawishiwa.

Nilipoanza kumpelekea michoro yangu mwenyewe nilitarajia maswali ya chuoni: dhana ni ipi, umbo limetokana na nini. Hakuuliza hata moja. Aliweka kidole kwenye kitu kimoja, kitasa kwa mfano, akasema, “Kikiharibika, nani atakitengeneza?” Kisha kidole kikahama. Dirisha la alumini la kusukuma: vigurudumu vyake vikisagika, fundi yuko Same, na nauli ya kumleta inazidi bei ya kigurudumu. Dirisha la mbao: seremala yuko ng'ambo ya korongo, ukitega sikio unasikia randa yake. Bomba lililozikwa ndani ya lipu: likivuja, ukuta utavunjwa. Taa iliyo juu kabisa ya dari: nani ana ngazi? Kila swali alitaka lijibiwe kwa mtu. Nikamjibu mara moja kwamba kutakuwa na watu wa matengenezo.

“Wanaishi kijiji gani?”

Ilichosha, sitaficha. Kuna siku niliona kazi yetu imegeuzwa kuwa orodha ya vitu vitakavyovunjika. Nilikuja kuchora nafasi na mwanga, na badala yake nilikuwa nahesabu bawaba. Lakini swali lile lilikuwa na tabia moja ambayo maswali ya chuoni hayakuwa nayo. Lilikulazimisha umjue mtu. Huwezi kulijibu ukiwa umekaa mezani. Ilinibidi nimjue yule seremala, nijue mlinzi wa kituo ana umri gani na magoti yake yakoje, nijue funguo zinakaa kwa nesi au kwa mwenyekiti wa kijiji. Kadiri nilivyowajua, ndivyo michoro ilivyoanza kujichora upande mmoja badala ya mwingine.

Tukafika kwenye gata. Milimani maji ya paa ni mali, na bomba la kijiji hukauka kiangazi kikikaza. Nikachora gata pande zote mbili za paa na simtanki kwenye kila mwisho. Kidole kikatua.

“Gata ikiziba, nani atapanda?”

Mbele, upande wa bondeni, ukingo wa paa ungekuwa zaidi ya mita tatu kutoka ardhini. Nesi apande? Mlinzi na magoti yake? Mume aliyekuja kumsalimu mkewe? Uwanja ulizungukwa na mikaratusi, na majani ya mkaratusi hayangojei kamati ikutane. Nilinyamaza. Alifunga daftari, akaniambia kesho yake nivae viatu vya kutembelea.

Tulikwenda Bangalala, kijiji kilicho chini ya Vudee, kutazama ndiva. Kwa msomaji wa mbali: ndiva ni bwawa dogo la maji ya kumwagilia, ambalo wazee walilijenga kwa mawe na udongo, mara nyingi ukoo kwa ukoo. Kijito cha mlimani wakati wa kiangazi ni chembamba. Ukikiachia kikimbie mferejini hadi shambani, ardhi hukinywa njiani, na mwenye shamba la mwisho huambulia unyevunyevu. Kwa hiyo maji hukusanywa ndivani usiku kucha. Asubuhi tundu la chini huzibuliwa, na mkondo hutoka na nguvu ya kufika mbali. Zamu zinajulikana. Matope yakijaa, msaragambo huitishwa, na kila mwenye shamba huja na jembe lake.

Mimi nilizijua ndiva tangu utotoni. Bibi mzaa mama yuko Vudee, na kuogelea ndivani ndiyo iliyokuwa sababu kuu ya kwenda kumsalimia, pamoja na kukimbizwa kwa fimbo baada ya hapo. Sikuwahi kuzihesabu kuwa kazi ya ubunifu. Mama alinipa futi na daftari, akaniambia niichore moja kama ninavyochora jengo. Nikaanza kuona. Ukubwa wake unatokana na maji ya usiku mmoja: ikizidi haijai, ikipungua yanamwagika bure. Ukingo ni mpana kiasi cha watu wawili wenye majembe kupishana. Tundu limewekwa mahali ambapo mtu mzima anafika akiwa amesimama pakavu, kwa sababu atalizibua kila siku, alfajiri, kwenye baridi. Hakuna sehemu ya ndiva ambayo mkono haufiki. Na hakuna aliyeweza kutuambia nani aliichora. Tulitajiwa ukoo, tukatajiwa na ukoo mwingine unaodai si kweli, na kesi hiyo bado haijaisha.

Hapo ndipo mimi na mama tulipotofautiana, na tunatofautiana hadi leo. Ndiva ya Manoo, hapo hapo Bangalala, ilipanuliwa na kusakafiwa kwa saruji mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mama aliitazama kwa mashaka. Udongo ukipasuka, alisema, unatengenezwa kwa udongo, na udongo uko hapo hapo, bure. Saruji ikipasuka inahitaji saruji, na saruji ni fedha, na fedha inahitaji mfadhili au kikao. Mmewanyang'anya watu matengenezo yao. Ni hoja nzuri, nami niliinakili daftarini. Lakini mzee aliyekuwa anatutembeza aliisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba zamani ukipiga mbiu ya msaragambo mlima mzima uliteremka. Siku hizi vijana wako Dar es Salaam, wako Arusha, wengine wako Mererani wanatafuta tanzanaiti. Udongo ni wa bure, ndiyo, lakini mikono haipo. Saruji inavuja kidogo, inahitaji watu wachache, na wachache ndio waliobaki.

Njia nzima ya kurudi tulibishana. Mimi nilimwambia kwamba mzee amelijibu swali la mama mwenyewe vizuri kuliko sisi: nani atatengeneza? Wanaotengeneza wamepungua, basi ndiva imebadilika kuwafuata. Yeye alisema wabunifu wana tabia ya kutumia upungufu wa watu kama kisingizio cha kuleta vitu vyao. Bado naamini alikuwa amelipenda swali lake kiasi cha kutaka lijibiwe kwa namna moja tu, kwa mawe na udongo. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi akiona mitambo ya wafadhili ikitelekezwa ana haki ya kuwa hivyo. Ila haki hiyo haiwafungi wengine.

Alichonipeleka kukiona, hata hivyo, nilikiona. Tundu liko mahali ambapo mkono unafika. Niliporudi kwenye mchoro nikaacha kutazama mbele ya jengo, nikatazama nyuma. Tulikuwa tumekubaliana kuukata mlima futi tatu tu kwa nyuma, na kuinua msingi futi mbili na nusu kwa mbele. Nyuma, ukingo wa paa ungekuwa futi nane kutoka sakafuni. Toa futi tatu za mlima: zinabaki tano. Mtu akisimama nyuma ya jengo, kwenye ardhi isiyokatwa, gata iko usawa wa bega lake. Hahitaji ngazi. Nesi anaweza kuisafisha akiwa na kitenge na ufagio. Basi na paa zima limwage maji yake huko, upande wa mlimani, na simtanki likae mwisho wa jengo, ardhi inaposhuka.

Mama aliutazama mchoro muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikia: gata ikifurika, maji yatakwenda wapi? Unayamwaga kati ya mlima na ukuta, mahali pabaya kuliko pote. Tukachora mtaro wa mawe nyuma ya jengo, wenye mteremko wa kuyakimbiza maji hadi korongoni kwa njia ile ile aliyotuambia bibi. Akaamuru mtaro huo uwe na A4 yake. Nikapendekeza tuuweke pamoja na msingi ili kupunguza karatasi. “Kikiwa kwenye karatasi ya mwenzake,” akasema, “fedha zikipungua ndicho kitakachosahaulika.”

Kamati haikulipenda paa hata kidogo. Paa la mteremko mmoja, kwa macho yao, ni la banda, la kibanda cha duka, la mtu aliyeishiwa. Mama mmoja aliuliza kwa nini wenye mimba wa tambarare wapate nyumba yenye mgongo na wa milimani walazwe kwenye kibanda. Mzee aliyekaa karibu na mlango akaongeza kuwa Wapare hawaletewi jambo wasiloelezwa, na kama tumesahau tukaulize habari za mbiru.

Hakuna mtoto wa Same asiyesikia habari za mbiru. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya kutozwa kila mtu kwa kadiri ya mali yake, ikaivika jina la ushuru wa kale wa watawala wa jadi. Makadirio yalifanywa na wachache, na wengi hawakuona hesabu ilivyofikiwa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika Same kwenye makao ya wilaya na kukataa kuondoka. Baadaye wanawake nao wakajitokeza. Kodi hiyo hatimaye iliondolewa, na Profesa Isaria Kimambo akaiandika historia yake. Kwa hiyo mzee wa Mbaga akikutajia mbiru kwenye kikao cha paa, anakupa onyo lenye kumbukumbu.

“Basi tuelezane,” alisema mama. Hakufungua ramani. Aliwatoa wote nje, tukasimika fito mbili, tukafunga kamba usawa wa gata itakapokuwa, akamwomba mzee yule asimame upande wa juu na kunyoosha mkono. Mzee akaishika kamba bila kuinua kisigino. Kisha mama akawapeleka upande wa bondeni na kumwomba mzee ajaribu tena. Watu wakacheka. Mzee akacheka pia, lakini hakuachia: “Nyuma tumekuelewa. Mbele je? Mbele liwe na sura.”

Ndipo likazaliwa paa lililojengwa: mgongo wake hauko katikati. Mteremko mrefu unaelekea mlimani, mfupi unaelekea njiani, na mtu anayepita barabarani anaona nyumba yenye mgongo kama nyingine zote. Chuoni wangeniuliza kwa nini nimeficha uamuzi mzuri nyuma ya uso wa kawaida. Mama aliona kamati imeuboresha mchoro, akawaambia hivyo hivyo, na jina la mzee yule likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao kama mtoa pendekezo. Mafundi walinung'unika kidogo kwa sababu kenchi zisizo sawa haziwezi kugeuzwa ovyo. Fundi mkuu akachora kenchi moja ya mfano kwa misumari na kamba juu ya jamvi la zege, nyingine zote zikapimwa humo. Mengine ya ujenzi yalikuwa kama ujenzi wowote: mchanga ulichelewa, saruji ilifika usiku, makande yalikuwa mazuri.

Kabla sijarudi chuoni alinipa kazi ya mwisho: nikasimame ndani ya Soko la Kariakoo siku ya mvua. Nilipita pale mamia ya mara nikitazama mfuko wangu, maana Kariakoo hutazami juu. Mvua za vuli zilipoanza nikaenda, nikatazama. Beda Amuli, miongoni mwa wabunifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, aliliezeka soko lile, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970, kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, na mvua hukusanyika katikati ya mwavuli. Nilisimama chini ya nguzo moja kati ya gunia la dagaa na fungu la nyanya, nikajikuta nauliza swali la mama badala ya kustaajabia umbo: hapo juu kukiziba, nani hupanda? Nikampigia simu kumwambia. Akasema ndiyo maana alinituma, na kwamba siku nyingine nitazame pia umbo, kwa kuwa kuna vitu watu huvitengeneza kwa sababu tu wanavipenda. Hilo nililikumbuka Julai 2021, soko lilipoungua. Yalisemwa mengi, lakini jengo la Amuli halikubomolewa. Lilikarabatiwa, na jipya likajengwa kando yake.

Nilidhani habari ya paa letu imeishia pale kwenye kituo cha afya. Sasa ninafanya kazi Moshi, na nikipanda Mbaga kwa misiba na harusi naona nyumba za watu zenye mgongo uliosogea upande mmoja. Moja ni ya fundi mkuu mwenyewe. Nyingine mbili ni za vijana waliokuwa saidia fundi kwetu. Moja sijui ni ya nani, na mwenyewe hajui lilikotoka wazo. Alisema ndivyo watu wanavyojenga siku hizi. Hakuna ramani wala muhuri. Nilifurahi kupita kiasi, nikapiga picha zote, nikamtumia mama, nikangoja sifa.

Alipiga simu usiku huo huo. Shikamoo yangu aliiitikia haraka haraka.

“Nimeziona. Nyuma hukupiga picha. Wamechimba mtaro?”

Kwa fundi mkuu upo, nikamwambia. Kwa wale vijana sikuangalia.

“Na huyo wa nne?”

Kwa huyo niliangalia. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeshaanza kunyonya maji, lipu inabanduka chini hadi usawa wa goti.

“Vuli inaanza lini huko?”

Wiki mbili tatu, nikasema.

“Basi Jumamosi panda. Mwambie mwenye nyumba unakuja kumsaidia kuchimba, siyo kumkosoa. Chukua na mpira wa maji, usikisie mteremko. Na ile A4 ya mtaro bado ninayo, nitakuchapia nakala.”